Spika Mpya na Kibanja cha Bondeni

Kazi nzima ilinigharimu shilingi elfu moja mia moja na sabini, pamoja na kibanja cha mama. Shilingi nimezijumlisha mara mbili. Mara ya kwanza nilipata elfu moja mia moja sitini na nane. Mara ya pili nikakumbuka ndizi na maharage aliyokula fundi, shilingi mbili. Kibanja nacho nimekihesabu mara nyingi zaidi, ila hesabu yake haikubali kufungwa.

Wakati huo nilikuwa na landrova isiyo na paa. Niliinunua kwa mzungu mmoja wa kazi za barabara aliyekuwa akifunga mizigo, miaka michache baada ya Uhuru. Turubai lilikuwa limeoza, nikaling'oa, yakabaki mabomba ya chuma na anga. Bukoba mvua inanyesha inavyotaka, kwa hiyo abiria hawakulipenda gari langu, na wenye kahawa ndio hawakulipenda kabisa. Nikabaki na matangazo. Chanjo ya ng'ombe, siku ya kupima kahawa, mkutano wa hadhara, mtoto aliyepotea sokoni Muleba: ofisi ya kata ilinilipa kwa safari, nami nikapita miteremko ya kati ya Muleba na Rubya, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kipaza sauti.

Spika zilikuwa mbili, za zamani, nimezifunga kwa waya kwenye yale mabomba. Moja ilikuwa imepasuka na ililia kama mtu anayekaanga senene. Ya pili ilikuwa nzima lakini haina nguvu. Asiyeijua Buhaya anaweza kudhani tatizo lilikuwa spika peke yake. Tatizo lilikuwa pia migomba. Jani la mgomba ni kama godoro. Ukisema kitu barabarani, mgomba wa kwanza unakula nusu, wa pili unakula iliyobaki, na nyumba iliyo katikati ya kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, inapata mvumo tu. Watu wa bondeni, nyumba saba zilizokuwa karibu na kijito, walilijua hilo vizuri kuliko fundi yeyote. Wakiulizwa kwa nini hawakufika kwenye kazi ya pamoja ya shamba la kijiji, jibu lilikuwa moja, na hata balozi wao wa nyumba kumi alilisema bila kupepesa macho: hatukusikia. Basi tangazo linarudiwa, mkutano unarudiwa, siku inasogea, na pengine hadi ifike watu wameshamaliza kupalilia vibanja vyao.

Mama alikuwa mmoja wa hao. Nyumba yake ilikuwa ya tano kutoka kijitoni. Baba alizikwa pale, nyuma ya nyumba upande wa kahawa. Babu alizikwa pale. Na mdogo wangu aliyekufa kwa surua kabla hajaanza shule alizikwa pale, chini ya mgomba ambao mama hakuruhusu mtu aukate hata ulipozeeka.

Mtu anayejua hesabu angeona mapema kwamba spika mbovu zilikuwa zinanilipa vizuri, maana kila tangazo lililorudiwa lilikuwa safari nyingine. Mimi ninajua hesabu, lakini sikuiona hiyo. Nilichoona ni katibu kata akiniambia kwamba kazi ya vijiji vipya inakuja, matangazo ya kila siku, kata hadi kata, na kwamba ataipata mwenye gari linalosikika. Akasema, "Ndugu, sauti yako hata mimi niliye pembeni yako siisikii." Kesho yake nikashuka Bukoba mjini kutafuta spika.

Mjini palikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na ukumbi wa sinema na sasa alikuwa anauza vitu ili aondoke. Viti vilishaondoka, pazia lilishaondoka. Zilibaki spika mbili kubwa za shaba, mdomo mpana kama beseni, na amplifaya ya kutumia betri aliyokuwa akizunguka nayo kutangaza filamu. Alisema mia saba kwa spika peke yake. Nikazigonga, nikazinusa, nikamwambia zimeona filamu nyingi kuliko mimi. Nikataja mia tatu.

"Kijana," akasema, "wewe umekuja kununua au kunisindikiza?"

"Kukusindikiza, tajiri. Kwa mia tatu."

Hakucheka, na mimi sikumlaumu. Nilirudi kwake siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alishuka hadi mia sita, ya pili mia tano na nusu. Siku ya tatu nilikuta anafunga sanduku la mwisho kwa kamba, nikakaa juu ya sanduku hilo nikamwambia nimeishiwa, nina mia nne na hamsini tu. Nilikuwa na mia tisa. Akazisukuma zile spika kwa mguu kuelekea mlangoni. Amplifaya nikaipata kwa mia tatu na sabini bila hata kubishana, kwa sababu alikuwa amechoka. Nilitoka pale nikijiona mshindi. Miaka hii nikiikumbuka ile biashara naikumbuka kwa unyenyekevu kidogo, maana nimejua baadaye namna mtu anavyouza akiwa amefunga mizigo.

Fundi wa redio alinifungia kila kitu kwa siku mbili. Gari lisilo na paa lina tabu yake: spika ukizifunga juu ya bomba tupu, mtetemo wa barabara ya changarawe unalegeza boliti kabla hujafika Muleba. Tukakata mbao nzito, tukaweka chini yake raba ya tairi kuukuu, tukaelekeza spika moja mbele na nyingine nyuma. Tukaongeza betri ya pili chini ya kiti cha abiria, maana ile ya gari ingekufa kwenye tangazo la tatu. Fundi ndiye aliyenifundisha jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu zamani: usipige kelele ndani ya migomba, panda kilima cha upande wa pili, uelekeze mdomo wa spika juu ya bonde, uache sauti ishuke yenyewe.

Nikaamua kuzijaribu Jumapili, watu wakitoka misa, nami nilitaka katibu kata awepo. Nilipanda kilima kinachokabili bonde la kwetu, nikaegesha landrova kichwa juu. Nilikuwa nimempitia mama asubuhi nikamwomba asimame ukingoni mwa kibanja, mahali pa wazi, na kama atanisikia apunge kitambaa chake cheupe cha kichwani. Alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Umati ulizunguka gari. Nikawasha, nikangoja amplifaya ipate moto, nikasema polepole:

"Mama. Ukinisikia, punga kitambaa."

Kule ng'ambo kitu cheupe kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema sasa itabidi watu wa bondeni watafute uongo mpya, wakacheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote. Katibu kata alitoa daftari lake akaandika. Akaniuliza, "Kwa hiyo bondeni sasa wanasikia?"

Nikamjibu, "Hata kuku wao."

Kazi nikaipata palepale.

Wiki tatu baadaye nilipewa tangazo lenyewe. Kila kaya ya bondeni na ya miteremko ya jirani itahamia kijiji kipya kule rweya, uwanda wa majani ulio juu ya barabara. Mwenye sababu ya kubaki aje aieleze mbele ya kamati Jumamosi saa nane mchana. Asiyefika atahesabiwa amekubali kuhama. Mwenyekiti wa kamati, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa amenidokeza kwamba kibanja kinachotunzwa, chenye kahawa ya zamani na makaburi, kinaweza kuachwa ikiwa mwenyewe atakuja kukisemea. Nilijua mama anazo sababu zote hizo. Alichotakiwa ni kufika tu.

Alhamisi nilipanda kile kilima nikalisoma tangazo mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Lilisikika vizuri. Nilitazama nyumba ya tano na moshi wake, nikawasha gari nikaenda kata nyingine. Sikushuka bondeni. Kushuka ni dakika kumi na kupanda ni ishirini, na nilikuwa na safari nne siku hiyo. Isitoshe nilijiambia: nina spika za shilingi mia nne na hamsini, nishuke kwa nini?

Ijumaa usiku mzee wa nyumba ya pili akafariki. Kwetu mtu akifa, jembe linawekwa chini hadi azikwe. Huendi shambani, huendi sokoni. Unabeba kuni na ndizi unakwenda kukaa na wafiwa, na anayeondoka kabla ya mazishi anaacha nyuma yake maswali ambayo hayaishi mwaka huo. Jumamosi saa nane mchana walikuwa kaburini, nyumba zote saba. Wa miteremko mingine walifika kwenye kamati, na wawili kati yao waliruhusiwa kubaki. Mimi nilikuwa mbali, nikitangaza chanjo. Habari za msiba nilizipata Jumapili.

Jumanne kamati ikaita kaya saba za bondeni. Nilikuwepo, nimesimama pembeni ya landrova uwanjani, kwa sababu nilitakiwa kutangaza matokeo. Katibu kata aliuliza kwa nini hawakufika.

Hapo ndipo jambo lilipoharibikia, na hadi leo nikilieleza kwa mtu wa nje anadhani nadanganya. Walikuwa na sababu nzuri kuliko zote, sababu ambayo kila mtu pale uwanjani angeiheshimu. Wangesema tu tulikuwa tunazika. Lakini bonde lile lilikuwa limejibu ofisi kwa neno moja kwa miaka mingi, na neno hilo halijawahi kushindwa. Balozi wao akasimama, akavua kofia, akasema, "Hatukusikia." Wengine wakaitikia mmoja mmoja.

Katibu kata akageuka kwa mama. "Na wewe, mama wa mwenye gari? Nawe hukusikia?"

"Sikusikia," mama akasema. Hakutaka kuwatenga majirani zake. Angesema nini kingine, mwanamke mmoja, wenzake sita wameshasema?

Katibu kata akafungua daftari. Akasoma siku, akasoma kilima, akasoma kitambaa cheupe. Halafu akaniita mimi.

"Ndugu mwenye gari. Spika zako zinafika bondeni au hazifiki?"

Nilikuwa na muda wa kuhesabu, na nilihesabu. Nikisema hazifiki, kazi inakwenda, na malipo ya awali ya mwezi mzima, ambayo nilishayageuza betri na petroli, nitatakiwa kuyarudisha. Nikisingizia upepo, Alhamisi ile hapakuwa na upepo, na kila mtu wa kata anajua. Nilihesabu mara mbili kama ilivyo desturi yangu. Mara zote mbili nilijihesabu mimi.

"Zinafika," nikasema.

Mama hakunitazama. Alizitazama spika, kwa muda mrefu kidogo, kama mtu anayetazama mgeni aliyemkaribisha mwenyewe.

Ndipo mmoja wa wanawake akasema habari za msiba. Mwenyekiti alishika kichwa. "Mngeanza na hilo," akasema kwa upole. "Hilo ni sababu. Sasa mmeshanidanganya mbele ya watu wote, mimi niandike nini?" Katibu kata akasema saa nane ni saa nane, wangeweza kumtuma mtu mmoja. Wakaandika kwamba wamekubali kuhama, kaya saba. Tangazo la matokeo nililisoma mimi.

Jioni hiyo nilimsindikiza mama nyumbani kwa miguu. Nilitaka anilaumu, nipate cha kujibu. Maneno nilikuwa nayo tayari, ya kamati, ya serikali, ya balozi na neno lake. Tulipofika kijitoni akasema:

"Nilikusikia vizuri Alhamisi ile, mwanangu. Sauti yako ilikuwa nzuri. Nikajua lile ni la watu, na langu utashuka uniambie."

Akavuka kijito.

Walihama mwezi uliofuata. Mimi ndiye niliyembebea mama mabati, vyungu, na machipukizi ya migomba kumi na manne, kwa landrova, bila malipo, jambo ambalo majirani hawakushindwa kuliona. Waliniita Spika. Hawakuniita kwa ubaya sana, lakini hawakuwahi kuacha. Kule rweya kila nyumba ilipewa kipande kilichopimwa kwa kamba, nyumba zimekaa mstari kama askari. Pana faida zake, siwezi kusema uongo: maji ya bomba yalikuja, shule ikajengwa karibu, na zahanati. Lakini ardhi ya rweya si ya mgomba. Kibanja cha bondeni kilikuwa kimelishwa samadi na nyasi na mikono ya watu vizazi vitatu. Kati ya yale machipukizi kumi na manne yakashika mawili. Mama alikuwa anashuka bondeni kila Jumamosi kufagia makaburi, hadi magoti yalipokataa.

Kibanja chenyewe kwanza kilikuwa shamba la kijiji, kisha kikawa pori, kisha serikali ya kijiji ikampa mtu mmoja mwenye familia aliyehamishwa kutoka mahali pake mwenyewe. Spika sina tena. Landrova iliazimwa wakati wa vita na Amini, ikarudi imevaa matope ya nchi mbili, mabomba yapo, spika hazipo. Nilipewa karatasi ya kudai fidia. Sikwenda kudai.

Sasa mama yuko kwangu Kagondo. Tulikaa naye hospitali ya Rubya majuma mawili, daktari akatuambia twende nyumbani tukampe anachopenda. Anachopenda ni kimoja. Anataka kuzikwa pale nyuma ya nyumba, upande wa kahawa, kati ya baba na mdogo wangu. Aliniambia mara moja tu. Tangu hapo kila asubuhi, akishapewa uji, ananiuliza kama nimeshaonana na yule bwana aliyepewa kibanja.

Nimeonana naye. Nilishuka kwa miguu. Alinipokea kama mgeni, akanipa kiti na lubisi, pombe yetu ya ndizi. Migomba ameitunza vizuri kuliko nilivyotarajia, na makaburi ameyazungushia mawe. Nilipomweleza ombi la mama akasema:

"Kaka, sina ugomvi na mama yako. Lakini wewe ni Mhaya na mimi ni Mhaya. Kaburi ni hati. Nikikuruhusu leo umzike hapa, kesho ukoo wako utakuja kuniambia hapa ni kwao, kaburi jipya hilo hapo. Na mimi nimeshazika mtoto hapa."

Akanionyesha. Ni pale karibu na mgomba wa mdogo wangu, hatua tatu kutoka kaburi lake, nilizipima kwa macho kwenda na kurudi.

Hakutaka fedha. Nilijaribu, nikaona aibu, nikaacha. Anachotaka ni karatasi, niitie sahihi mimi kama mtoto wa kiume aliyebaki, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba mama akizikwa pale, mimi na ukoo wangu hatutadai kibanja kile milele. Nikitia sahihi, mama atalala pale anapotaka. Nilikwenda kwa baba mdogo, Muleba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nikisaini karatasi hiyo nisikanyage tena kikao cha ukoo, kwa sababu nitakuwa nimewapa watu wengine baba yake na baba yangu pamoja na udongo waliolalia. Hakusema kwa hasira. Alisema ananipa muda, lakini hakusema muda gani.

Mama hajui habari za karatasi. Nikimweleza, namjua, atasema basi mnizike hapahapa Kagondo, msigombane, na atakuwa amehama mara ya pili kwa ajili yangu. Nisipomweleza nikasaini, nitamzika mahali pake kwa kuuza mahali pake. Nisiposaini, kuna siku nitasimama hapa uani na sanduku, nikiwa na haki zote za ukoo mkononi, na sitakuwa na kaburi la kumweka.

Nimeandika haya kwa sababu najua bonde letu halikuwa peke yake. Wapo watu huko Muleba, Rubya, na hata ng'ambo ya Biharamulo, ambao makaburi yao yamebaki kwenye vibanja vya watu wengine, na tangu hapo wamefiwa wakalazimika kuzika. Naomba mniambie mlifanyaje. Mlisaini? Na kama mlisaini, ukoo uliwaambia nini, na watoto wenu wanawaambia nini? Ujumbe wowote nitaupata ukiachwa kwa wauza kahawa pale stendi ya Muleba, waambieni ni wa yule aliyekuwa na landrova isiyo na paa. Msichelewe sana. Leo asubuhi uji hakuumaliza, lakini swali aliuliza.